Hilo Pengo Lina Mwenyewe

Nyandira, Mgeta
Jumapili, 2 Juni 2024

Kwa Jastin, Mwembesongo.

Basi hapo hapo nikamwambia Agustino zima, zima hilo dude la redio, huyo anayeimba ni Agnes. Hata pumzi ya kwanza alikuwa hajaimaliza. Agustino akasema, "Mama Regina, ngoja, kadi ndiyo kwanza inasoma." Nikamwambia kadi imeshasoma na mimi nimeshasoma, ingawa shule sikwenda. Ninyi huko mjini mnamwita Bibi Asia. Mimi namjua tangu anaitwa Agnes, sweta moja wanavaa kwa zamu yeye na dada yake, na hilo jina alilopewa alipoolewa na Yunusi sijawahi kulitia mdomoni, na leo silitii.

Shikamoo yako nimeipata kwa Hashimu wa gari la kabichi. Marahaba, mume wangu. Nakuita mume wangu kwa mazoea tu, maana naona siku hizi una mke mwingine. Hashimu kanisimulia. Anasema alipopita hapo kwenu kuacha mzigo alimsikia huyo Agnes anaita kutoka jikoni, "Mume wangu, njoo ule." Mume wake! Kapewa na nani? Mjukuu ni wangu, mgongo uliokubeba ni huu, miaka mitatu, mama yako yuko Kimamba kwenye mkonge. Utani wa mume na mke ni wangu na wewe. Sasa uzee huu ndiyo napata mke mwenza. Na kosa ni langu mwenyewe, mimi ndiye nilisema ukapange chumba kwake kuliko kukaa kwa watu tusiowajua. Mimi sina wivu. Andika hivyo, Agustino. Mama Regina hana wivu hata kidogo.

Turudi kwenye ngoma. Kila ngoma unayoipika kwenye hiyo kompyuta yako chumbani unaniletea kwenye kadi, naisikiliza kabla ya wenzako, na mimi nakwambia ukweli. Ile ya mwezi wa pili nilikwambia inachosha magoti. Ile ya Pasaka nilikwambia nzuri, ila inaisha kama mtu aliyekatiwa simu, ukairekebisha, wenzako wakakusifu. Hukuwaambia ni mimi, lakini sikudai. Hii sasa imeanza vizuri, yale mapigo ya singeli mbio mbio, kama mtu kafukuzwa na nyuki, mabega yangu yakaanza kwenda yenyewe. Agustino shahidi, ingawa katekista hatakiwi kuwa shahidi wa mabega. Halafu anaingia Agnes na wimbo wangu.

Ule ni wimbo wa kinu, Jastin. Wa watu wawili. Mmoja anaimba, "Twanga nikupokee," anashusha mchi. Mwenzake anajibu, "Pokea nisichoke," anashusha wake. Tu, ta, tu, ta, kinu hakipumui. Na yule anayejibu ndiye anayegonga mdomo wa kinu kwa ubavu wa mchi, ko!, kabla hawajaanza upya. Aliyekuwa anajibu ni mimi. Aliyekuwa anagonga ni mimi. Kijiji kizima kilijua asubuhi kwamba ko! ile ni ya Regina. Sasa nasikiliza kwenye redio: "Twanga nikupokee," tu! Halafu kimya. "Twanga nikupokee," tu! Halafu kimya. Amenikata! Ameubeba wimbo kwenda nao mjini, amenikata katikati kama mtu anayekata mkia wa samaki, na wewe umemsaidia kwa kompyuta.

Futa. Nakwambia kama bibi yako, futa. Kama unataka sauti ya kizee, vizee viko hata hapa.

Njegere mwaka huu zimepigwa na baridi. Sweta ulilonitumia nalivaa, ila mkono mmoja mrefu kuliko mwenzake.

Mimi bibi yako
Regina
(kwa mkono wa Katekista Agustino, ambaye hakusema lolote kuhusu mabega)


Mwembesongo, Morogoro
Jumamosi, 8 Juni 2024

Mke wangu wa kwanza na wa pekee, shikamoo.

Bibi, usinikasirikie kabla hujasikia. Sikumwomba Bibi Asia aimbe. Ilikuwa asubuhi, yeye yuko uani anatwanga kisamvu, mimi niko chumbani natafuta mdundo tangu saa moja, hauji. Nikasikia tu! halafu kimya, tu! halafu kimya, na sauti yake juu. Nikaweka simu dirishani. Hakujua hata kama namrekodi. Mchana nikaitia kwenye biti, mwili wangu wote ukasisimka. Bibi, sijawahi kutengeneza kitu kama hicho.

Nikaituma kwenye kundi letu. Nilishakueleza lile kundi: tuko kumi na moja, wote tunatengenezea ngoma vyumbani kwetu, hakuna mwenye studio. Sheria yetu moja tu, ukituma ngoma, kila mtu lazima aseme ukweli wake, usinuniane na mtu. Kwa kawaida wananichana. Safari hii nimeandika kwenye karatasi walichosema ili Katekista akusomee:

"Oyaa Jastin, huyo bibi mchawi!"
"Bibi mchawi kabisa, nimeirudia mara sita."
"Kaka, umemtoa wapi huyo mchawi?"

Halafu akaja Abdi wa Mzumbe. Huyo ndiye tunamwogopa, sikio lake halidanganyiki. Yeye alisema, "Kali sana, ila ina pengo. Shughulikia pengo." Na wengine wakaanza, kweli, pengo, pengo.

Sasa Bibi, nikwambie kwa nini siwezi kufuta. Kundi linachagua ngoma tano za kupigwa kwenye dansi la vijana wiki ya Nane Nane. Spika kubwa, watu wa kweli, siyo simu. Mwaka jana sikuchaguliwa, mwaka juzi sikuchaguliwa. Hii ndiyo ngoma yangu, sina nyingine. Mwisho wa kupeleka ni tarehe mosi Agosti.

Wimbo ni wako, najua. Ndiyo maana nakuomba. Nipe ruhusa.

Bibi Asia anakusalimu. Aliniuliza kama bado unagonga meza ukiongea.

Mumeo
Jastin


Nyandira, Mgeta
Jumapili, 16 Juni 2024

Kwa Jastin.

Nimecheka mpaka Agustino kaniletea maji. Kwa hiyo wamemgundua! Mimi sikusema. Siku zote hizi nimenyamaza, tena Mkristo, sisemi vya watu. Vijana kumi hawajawahi hata kumwona uso, wamesikia sauti tu, wakajua: mchawi. Na siyo mmoja aliyesema, watatu! Mimi nilishangaa tangu zamani, mtu gani shamba la kwao halikupigwa na baridi hata mwaka mmoja.

(Mimi Agustino nimemwambia hilo siyo neno la kuandika kwenye barua. Amesema niandike kwamba nimemwambia.)

Na hilo la pengo ndilo limenimaliza. Ni kweli analo, hapa juu, meno mawili, yalitoka kwa muwa, tena muwa wa kuiba, nilikuwepo. Ila sikujua kwamba siku hizi mtu akiimba pengo lake linasikika mpaka Mzumbe. Huyo Abdi mtoto mwenye sikio, mpe salamu zangu. Mimi meno yangu ya mbele yote yapo. Waambie.

Sasa ruhusa ya wimbo nakupa, lakini siyo na Agnes. Kwenye bahasha hii kuna kadi. Jumatano nilimwambia Agustino leta simu yako inayorekodi. Nikakitoa kinu changu bandani kwa kuku, nikakiosha, nikatia mahindi. Wanawake wa jirani wakaja kuangalia, maana siku hizi wote wanapeleka mashine, watoto wao hawajui hata mchi unashikwa wapi. Nikaimba pande zote mbili. "Twanga nikupokee," tu! "Pokea nisichoke," ta! Na ko! yangu nikaigonga mpaka kuku wakaruka. Mikono yote miwili, wangu na wake, peke yangu, Jastin, mimi mwenye miaka sabini na moja. Marehemu mama yangu aliwahi kutwanga hivyo, mara moja tu, siku ya kuondoa matanga ya Mama Ahmadi, aliyekuwa mwenzake wa kinu. Watu walisimama kimya uwanja mzima. Mimi ni mtoto wa mama yangu, nikasema na mimi naweza.

Nikaweza. Mkono wa kushoto haunyanyuki tangu siku hiyo, Agustino ananipaka dawa ya kuchua anayopaka mbuzi wake, lakini nikaweza.

Haina pengo hiyo. Mtoe yule, niweke mimi. Halafu uniandikie wamesema nini, neno kwa neno, na kama wamesema sauti hii ni ya msichana usinifiche.

Na hayo ya kugonga meza mwambie sigongi. Agustino, futa hiyo alama ya wino, nimegonga kwa bahati mbaya.

Bibi yako
Regina


Mwembesongo, Morogoro
Jumapili, 23 Juni 2024

Bibi, shikamoo.

Umesema neno kwa neno. Haya.

Kwanza, "mchawi." Bibi, kwetu kwenye muziki mchawi ni sifa. Mtu akikuita mchawi maana yake unajua mpaka watu hawaelewi unajuaje. Walikuwa wanamsifu Bibi Asia. Na pengo siyo meno. Pengo ni ile nafasi kwenye mapigo, pale baada ya tu! ambapo hakuna kitu. Abdi anataka nitie pigo la kompyuta hapo.

Nikawapelekea kadi yako. Majibu yao nimelala nayo siku mbili kabla sijaandika hii barua. Walisema:

"Huyu bibi anakimbizana na nani?"
"Sauti ina nguvu ila ina hasira."
"Hakuna pa kuchezea, hakuna pa kupumua."

Abdi akasema, "Ya kwanza ina pengo, ya pili haina hata tundu. Rudi kwa yule mchawi, jaza pengo, tumemaliza."

Samahani, Bibi. Uliniomba ukweli na wewe hujawahi kunidanganya.

Lakini kuna jambo jingine ndilo linanitisha. Nilimpigia Bibi Asia kadi yako, nikidhani atafurahi kusikia sauti yako. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa amesimama. Halafu akakibeba kinu chake akakiingiza ndani, akakifunika kifudifudi. Hajatwanga tena. Kisamvu ananunua kilichosagwa sokoni, yeye ambaye alikuwa anasema kisamvu cha mashine kina ladha ya mafuta ya taa. Na nilipomwambia naweza kulijaza pengo kwa kompyuta na wala asihangaike, alinikemea kwa mara ya kwanza tangu nihamie hapa.

Nimemuuliza mmegombana nini. Kasema ataandika mwenyewe. Barua yake iko humu ndani, kaifunga kwa uzi.

Mjukuu wako
Jastin


Mwembesongo
23 Juni 2024

Regina,

Hii naandika kwa mkono wangu. Darasa la watu wazima tuliitwa wote, wewe ukasema wino unachafua mikono. Kwa hiyo atakusomea Agustino na mimi naona aibu, lakini nifanyeje.

Sikukukata. Mtoto alinirekodi mimi sijui. Mimi natwanga hivyo siku zote. Toka niondoke Nyandira mwaka sabini na moja sijatwanga namna nyingine. Mchi wangu ukishuka napandisha, nangoja wako ushuke, ndipo nashusha tena. Yunusi, Mungu amrehemu, alikuwa ananiambia, wewe mwanamke mbona unatwanga kama mtu anayesikiliza mlango. Nikamwambia nina mwenzangu.

Hao vijana wakataka kutia mashine hapo. Nikamwambia Jastin hilo pengo lina mwenyewe, yuko Nyandira, ni mzima.

Halafu nikasikia kadi yako. Umetwanga mikono yote miwili. Siku mama yako alipomtwangia Mama Ahmadi wewe na mimi tulikuwa tumesimama tumeshikana mikono. Mama yako alituambia, mkono wa mwenzako haujazwi mpaka afe. Ulisikia kama mimi.

Basi umenizika. Wanawake wa jirani walikuwepo, wamesikia. Ila mimi ni mzima. Jana nilikwenda sokoni.

Asia, aliyekuwa Agnes


Mwembesongo, Morogoro
Jumapili, 14 Julai 2024

Bibi, shikamoo.

Wiki ya tatu leo, hakuna barua, hakuna kadi. Nilimpigia Katekista simu, akasema upo, unakula, huongei. Bibi, wewe huongei? Niliogopa kuliko kama angesema unaumwa.

Halafu leo asubuhi Hashimu kashusha kabichi, na juu ya kabichi kuna mchi. Mrefu, mweusi, umelainika katikati kama mpini wa jembe. Nikamuuliza barua iko wapi. Kasema, "Hakuna. Mama Regina kasema mpe Agnes."

Nimempa. Aliushika pale palipolainika, akauzungusha, akaunusa. Baada ya adhuhuri ndiyo kaniuliza gari la Hashimu linarudi mlimani siku zipi.

Abdi yeye amechoka kusubiri. Amelijaza pengo mwenyewe kwa kompyuta yake, kanitumia. Wote kundini wameipitisha. Bibi, imenyooka, iko tayari kupigwa Nane Nane. Nami nikiisikiliza naona kama nimemfungia mtu mlango. Zimebaki wiki mbili na siku chache. Nifanye nini? Abdi anasema yuko tayari kukuandikia au umwandikie, kwa sababu gari la Hashimu linapita Mzumbe.

Jastin


Nyandira, Mgeta
Jumapili, 28 Julai 2024

Kwa Abdi, Mzumbe.

Wewe kijana hunijui. Mimi ndiye yule bibi mliyeuliza anakimbizana na nani. Kama umeniamkia, marahaba. Kama hujaniamkia, niamkie sasa, Hashimu ataileta.

Nimeisikiliza ngoma uliyoijaza. Agustino kaiweka mara mbili. Unajua kazi yako, sikatai. Mapigo yako yamenyooka kama mstari wa karoti. Lakini toa hilo pigo ulilotia. Nitakueleza kwa nini, na uwe na subira, mimi nikianza sikati kona, Agustino anajua, huyu anaandika huku anahema.

Kwenye kinu cha watu wawili ile nafasi baada ya mchi mmoja ni ya mchi wa pili. Hakuna mtu wa tatu wa kuijaza, awe mtu awe umeme. Ukiijaza wewe, mwenzake wa kinu, umesema mwenzako amekufa. Mimi niliijaza. Niliijaza mbele ya wanawake wa jirani, nikairekodi, nikaituma mjini.

Na nilijua. Jastin anadhani nilisahau. Hata Agustino aliniambia, "Mama Regina, ulipitiwa," akinitafutia mlango wa kutokea. Sikupitiwa. Nilipokuwa nakiosha kinu nilijua, na nilipoinua mchi nilijua, na nilisema moyoni, acha afe kidogo. Kidogo tu, asikie. Kaniacha hapa na mchi mkononi mwaka sabini na moja. Yunusi alikuja na baiskeli kununua njegere, akaondoka na mwenzangu wa kinu, na watu wote wakala pilau wakafurahi. Mimi nilikula pilau. Ilikuwa nzuri. Kesho yake nikaenda kinuni peke yangu, nikaanza kuimba, "Pokea nisichoke," na hakuna aliyepokea. Siku hiyo nikaacha wimbo. Kumbe yeye huko mjini hakuacha. Miaka hamsini na zaidi anatwanga kisamvu chake, ananiachia nafasi, na mimi huku nasema ameniibia.

Huo ndio wivu, mwanangu. Nimeandika mara ngapi kwamba sina? Agustino anasema mara mbili. Haya, futa zote mbili, ingawa barua zilishakwenda.

Sasa nakuandikia kwa haraka kwa sababu hapa kuna wageni. Wamefika na gari la Hashimu saa nne, Jastin na mabegi yake ya nyaya, na huyo mwenzangu. Walipopiga hodi mlango wa mbele mimi nilitoka wa nyuma nikaja huku kwa Agustino, kwa sababu nilikumbuka barua yako haijaandikwa. Agustino anatabasamu. Andika tu.

Nawaona kwa dirisha. Uwanja wangu na wa Agustino umetenganishwa na tuta la maboga tu. Amezeeka mwenzangu. Sikujua kama atakuwa mfupi hivyo. Jastin kamletea kigoda. Sasa anaanua... angalia, anaanua sweta langu kwenye kamba anamvalisha huyo mwanamke! Sweta langu! Na ule mkono mrefu anamkunjia. Mimi hajawahi kunikunjia. Anasema, "Baridi ya huku utaiweza, mke wangu?" Mke wangu! Uwanjani kwangu! Abdi, wewe una bibi? Ukiwa naye, usimfanyie hivyo.

Wamekitoa kinu. Jastin anatega vile vidude vyake vya kusikilizia, kimoja upande huu, kimoja upande huu. Mwenzangu kaja na michi miwili. Wake mwenyewe, na ule wangu niliompelekea. Wangu kausimamisha ukutani. Hakuushika yeye, kausimamisha tu, upande ule niliokuwa nasimama.

Mimi sitoki. Nitamwambia nini? Nimekuzika samahani? Kuna salamu ya hivyo? Agustino anasema hakuna salamu, kuna kwenda tu. Wewe ni katekista, Agustino, kila kitu kwako ni rahisi.

Basi, Abdi, nilikuwa nasema, ile nafasi...

Sikia. Hebu nyamaza, usiandike. Andika. Sikia.

"Twanga nikupokee." Tu!

Umesikia hapo? Kimya.

"Twanga nikupokee." Tu!

Kimya. Mbele ya wanawake wote wa jirani, wamesimama kwenye maboga wanaangalia. Anaacha. Bado anaacha. Sauti imekwaruza, na kweli ana pengo huyu, lile la meno, linasikika kabisa, Abdi, una sikio wewe. Na anasubiri muda mrefu kuliko zamani. Mchi uko juu, hashushi. Mjinga huyu, atashikwa na bega. Shusha! Kwa nini hashushi?

"Regina!"

Ananiita.

"We Regina! Utakufa lini nipumzike, au unakuja?"

Mmesikia? Mbele za watu! Huyo ndiye mliyesema ana sauti nzuri. Agustino, shika karatasi, mwambie Abdi lile pigo alitoe, mwambie kuna ko! inakuja, asiiguse, na jina langu uweke mwenyewe pale chini, mimi... kanga yangu iko wapi, nipishe mlangoni. Nakuja! Nimesema nakuja, shusha huo mchi, nakuja, Asia!